Ng'ombe wa Mama Daudi

Novemba 19

Mawingu yalifika hadi kwenye kichwa cha mlima, yakatutazama, yakarudi yalikotoka. Mashamba yamekwisha safishwa. Watu wamekaa tu.

Novemba 23

Upepo na vumbi.

Novemba 27

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Elieza, aliniomba nikae karibu na meza ya wageni ili niwatafsirie wazee. Kazi hii nimeifanya tangu nilipoletwa hapa kutunza maktaba ya kisomo cha watu wazima. Maktaba ililiwa na mchwa zamani, kazi ya ulimi imebaki. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu pekee upande huu wa kijiji, na ndimi ninayepeleka Kigogo kwa watu wa ofisini na kuwarudishia Wagogo Kiswahili cha ofisini.

Wageni ni wa Mradi wa Ngazi, ambao kwa miaka mitatu umekuwa ukizisaidia kaya maskini: fedha kidogo kila baada ya miezi miwili, na bima ya matibabu. Afisa wao ni binti mmoja anaitwa Gladness, mpole, ana viatu vyeupe ambavyo ameshindwa kuvilinda na vumbi letu. Alisimama akaeleza kwamba dunia nzima imekubaliana umaskini uishe ifikapo mwaka 2030, wa kila namna, kila mahali. Imebaki miaka mitano. Kwa hiyo kila kijiji cha mradi kinatakiwa kihitimishe nusu ya kaya zake kabla ya mwezi wa sita, wakubwa watakapokuja kuona.

Mzee mmoja akauliza kwa Kigogo, nikatafsiri: "Nusu ile nyingine itabaki maskini kwa ruhusa ya nani?"

Watu walicheka. Elieza akajibu yeye, bila kungoja afisa: "Mzee wangu, ngazi hupandwa kwa zamu. Mkipanda wote pamoja inavunjika."

Elieza ana maneno mazuri. Nimecheza naye bao kwa miaka mingi na sijawahi kuchoka kumsikiliza.

Nilipokuwa kijana tuliahidiwa afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Baadaye ikawa umaskini upungue kwa nusu ifikapo 2015. Kisha ikaja Dira ya 2025. Mimi ni mtu niliyezeeka nikipishana na tarehe za mwisho.

Desemba 3

Leo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Nilifuatana nao, na yaliyotokea kwa jirani yangu Yudith nataka kuyaandika kwa utulivu, kwa sababu jioni yote yamenikaa kifuani.

Yudith, ambaye sote twamwita mama Daudi, ni mjane. Anaishi kwenye tembe, nyumba yetu ya hapa ya udongo yenye paa la kulala, pamoja na mwanawe Daudi, mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Daudi ana kifafa. Zamani alikuwa akianguka karibu kila wiki. Mara moja aliangukia jikoni, na mkono wake wa kushoto una ngozi iliyokunjamana kama ya embe lililokauka. Tangu mradi uwape bima anapata vidonge kila mwezi katika kituo cha afya. Huu ni mwaka wa pili hajaanguka. Anachunga ng'ombe, anapiga zeze, anatania kila mtu.

Ng'ombe anaowachunga ni sita, na si wao. Ni wa Elieza. Hapa hakuna mtu mwenye akili anayeweka mifugo yake yote kwenye zizi moja. Unamwekea huyu wawili, yule wanne, ili ugonjwa ukiingia kwako usikumalize, na ili ndugu zako wasijue una nini. Anayewekewa anakunywa maziwa, anapata samadi, analima kwa maksai. Na ana wajibu mmoja: mgeni akiuliza, anajibu kwamba ni wake. Ndivyo walivyowajibu watoza kodi wa Mwingereza, ndivyo wanavyowajibu wezi na maafisa mifugo. Mtu akitaja mwenye ng'ombe, wataondolewa kwake, na hatawekewa tena hata mbuzi, na mtu yeyote, mpaka afe. Wenyeji hawaulizi. Wanasoma alama ya masikio. Ng'ombe wa Elieza wana mapengo mawili kwenye sikio la kulia, na hata mtoto anajua.

Gladness hajui kusoma masikio.

Tulikuwa uani. Elieza alikuwepo, kama mwenyekiti, ameegemea nguzo ya kibaraza. Afisa alikuwa amemaliza kuuliza juu ya paa, choo, idadi ya milo. Yote yalikuwa majibu ya kaya maskini. Basi Daudi akatokea na ng'ombe, akiwapigia mluzi, wakaingia zizini mmoja baada ya mwingine.

"Babu, muulize mama," Gladness aliniambia, "hawa ng'ombe ni wa kaya hii?"

Nikauliza. Yudith alimtazama Elieza. Elieza alikuwa akiliangalia anga kama mtu anayetafuta mvua.

"Ni wangu," alisema Yudith.

Nikamtazama na mimi Elieza. Lingetosha neno moja kutoka kwake, tena lake peke yake, maana ndiye mwenye ruhusa ya kulisema. Alikohoa, akasema kwa Kiswahili safi: "Mama huyu ana bidii sana. Ni mfano kwa kijiji."

"Babu, mama amesemaje?"

"Amesema ni wake."

Gladness alitabasamu, tabasamu la furaha kweli. Alimshika Yudith mikono yote miwili.

Desemba 4

Asubuhi nilimfuata mama Daudi shambani. Nikamwambia niko tayari kwenda ofisini kwao niseme mimi, kwani mimi si Mgogo na desturi hainibani.

Hakuacha kulima. "Mwalimu, ukisema wewe, watajua nimekutuma mimi. Elieza atachukua ng'ombe kabla jua halijazama. Daudi atachunga nini? Na mimi nani ataniwekea tena?"

"Na bima je?"

"Labda hawatatuondoa. Wameona nyumba yangu."

"Wameona ng'ombe."

Alisimama, akajishika kiuno. "Niahidi hutasema."

Nimemwahidi.

Jioni Daudi alipita kwangu kusikiliza taarifa ya habari. "Shikamoo babu Mrangi. Umesikia? Sisi ni matajiri. Ukitaka mkopo usione haya."

Desemba 12

Mvua ya kwanza. Kidogo, lakini ardhi imenuka vizuri. Kila mtu anapanda uwele.

Desemba 13

Tunapanda.

Desemba 21

Uwele umeota. Kijani chake ni chepesi kama pumzi ya mtoto.

Januari 9

Mahafali, ndivyo walivyoyaita. Walisimika hema mbele ya ofisi ya kijiji. Kaya zilizohitimu ziliitwa kwa majina, na kila mkuu wa kaya alipanda jukwaa la mbao lenye ngazi tatu, akapewa cheti na fulana ya bluu. Yudith aliitwa wa pili. Alikwenda na kitenge chake cha kanisani. Watu walimpigia makofi, na wanawake wa ukoo wa Elieza walipiga vigelegele virefu kuliko wote. Hapakuwa na mtu pale asiyejua. Nilitazama nyuso moja moja nikitafuta hata mmoja mwenye haya, nikaona watu wakitazama upande wa sufuria za pilau.

Daudi, aliyekuwa amechuchumaa karibu nami, alisema: "Mama kahitimu. Mimi hata la saba sikumaliza. Kweli dunia ina mambo."

Kaya ya mama yake Elieza haikuhitimu. Ana tembe linalovuja na hana hata kuku. Elieza ndiye anayempokelea fedha za mradi.

Januari 13

Jua. Tangu Krismasi hakuna tone.

Januari 15

Yudith alikwenda kituo cha afya kuchukua vidonge vya mwezi. Walimwambia bima haisomi. Alirudi kwa miguu, hakuja kwangu. Nimeyasikia kwa Daudi, naye aliyasema kama kichekesho: "Nimepona babu. Mashine imesema."

Amebakiwa na vidonge vya siku chache.

Januari 16

Nilimwendea Elieza. Alikuwa kibarazani akila karanga, akanisogezea sahani. Nikamwambia wazi, kwani yeye ndiye mwenye siri na kwake sivunji ahadi.

"Elieza, aliyehitimu ni wewe. Nenda umwambie yule binti."

"Nikamwambie nini? Kwamba mwenyekiti ana ng'ombe kwa mjane, na mama yake anakula mradi? Mwalimu, unataka nifungwe?"

"Nataka Daudi apate dawa."

"Na mimi nataka. Daudi nimemwona akizaliwa." Alitafuna polepole. "Lakini fikiri. Kijiji kilitakiwa kitoe nusu. Nisingetoa mimi majina, wangekuja kuyatoa wao. Pengine wangekutoa wewe."

"Mimi simo kwenye mradi."

"Basi unaongea kwa sababu hupotezi kitu."

Nilikuwa na jibu wakati ule, na sasa ninapoandika nalijua zaidi. Mwaka 1979 ilitolewa amri mifugo yote iondoke kwenye vilima vyetu vya Kondoa, kwani makorongo yalikuwa yamekula ardhi, na ardhi ilihitaji kupumzika. Sisi tuliifuata mifugo ya baba kuja huku uwandani. Ng'ombe walikufa kwa ndorobo na ugeni, baba naye akafuata. Miaka kumi na saba baadaye nilipanda basi nikaenda kutazama. Ardhi ilikuwa imepona. Majani yalifika magotini na chemchemi ya nyuma ya msikiti ilikuwa ikitoa maji. Wataalamu walikuwa wamekuja na kamera, na walikuwa na haki ya kufurahi. Nilisimama nikaona jinsi jambo zuri linavyoweza kufanyika mahali na mimi nisiwepo ndani yake.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia: "Karanga zako zimeungua."

Januari 22

Nimekwenda Dodoma. Nililala kwa mwanangu, mtaa wa Kikuyu, na asubuhi nikaenda ofisi za mradi. Gladness alinipokea vizuri, "Shikamoo babu", akaniletea maji. Sikuvunja ahadi. Nilisema tu kwamba kaya ya Yudith ina mgonjwa wa kifafa, na kwamba nashauri itazamwe upya.

"Babu, ugonjwa haumo kwenye vigezo. Vigezo ni mali."

"Basi mwende mkatazame mali."

"Tumeitazama. Ng'ombe sita!" Alishusha sauti. "Babu, nikuambie ukweli. Kaya ikishahitimu, sistimu haina mahali pa kuirudisha. Hakuna kitufe. Kitu pekee ni mwenyekiti wa kijiji aandike kwamba taarifa ya mwanzo ilikuwa na makosa, agonge muhuri. Akileta hiyo, naanza kesho."

"Mwenyekiti mwenyewe."

"Mwenyewe. Na mimi mkataba wangu ni wa miezi sita sita, babu. Mwaka jana wenzangu waliopeleka asilimia ndogo hawakuongezewa."

Nilikwenda nikimchukia na nikarudi siwezi. Hilo limenikera kuliko kama angenifukuza.

Nilinunua vidonge vya miezi miwili kwa fedha aliyonipa mwanangu ya miwani. Kwa kuwa sina uwezo wa kuwapa tena mpaka mavuno, nilimweleza Yudith nilipofika: viwili kila usiku, bila kukosa. Alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, jambo nisilolipenda.

Februari 2

Jua. Uwele umeanza kujikunja.

Februari 6

Jua.

Februari 11

Njaa imeingia rasmi. Unaijua kwa moshi: majiko mengi yanafuka mara moja tu, jioni. Watu wa hapa wana ustadi wa zamani wa kuvusha chakula. Mama wa nyumba hapimi unga kwa njaa ya watu, anaupima kwa umbali wa mavuno. Kibaba kinakuwa nusu kibaba, uji unakuwa mwepesi, mlenda unakuwa mwingi, na kila mtu anajifanya ameshiba ili mwingine ale. Hakuna anayefundishwa haya. Nimewaheshimu kwa ajili ya ustadi huo tangu nilipofika.

Mama Daudi ni hodari kuwashinda wote. Hajawahi kuishiwa kabla ya mavuno.

Februari 19

Maziwa yamekatika. Ng'ombe wana mbavu za kuhesabika. Daudi anawapeleka mbali.

Februari 24

Daudi hakuja kusikiliza habari. Mama yake anasema kichwa kinamuuma.

Machi 3

Mvua imerudi, usiku kucha na mchana. Nusu ya uwele imeinuka. Nusu haitainuka tena.

Machi 8

Daudi ameanguka nyumbani. Mara ya kwanza kwa miaka miwili. Nilikwenda. Alikuwa amelala kwenye ngozi, ulimi umeumwa, ana haya. "Babu, mashine ilikosea," alisema.

Nilimuuliza Yudith kama anampa dawa kila usiku. Akasema anampa.

Machi 9

Mvua.

Machi 14

Lambo limejaa. Watoto wanaogelea, wanapigwa, wanarudi kuogelea.

Machi 17

Daudi amekufa.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Asubuhi alipeleka ng'ombe kunywa kwenye lambo la chini. Hakufa kwenye kina. Alianguka ukingoni, mahali ng'ombe wanapokanyaga, ambapo kuna tope na maji ya kufunika unyayo tu. Aliangukia uso. Maji hayo yalitosha.

Walikuwapo watu watatu wakichota. Nawajua, nasalimiana nao kila siku. Walimwona akianguka, wakamwona akitetemeka, wakasimama na ndoo zao. Hapa wanaamini povu la kifafa humwingia anayeligusa. Walingoja litulie. Lilipotulia, mmoja akaenda kumwita mama yake.

Mimi nilifika baada yake. Alikuwa amempakata, anamfuta tope masikioni kwa ncha ya kanga. Ng'ombe walikuwa bado wanakunywa.

Elieza alikuja akikimbia, na ninamwandikia haki yake: alikuwa analia. Lakini kabla hajafika kwa maiti nilimwona akigeuza kichwa upande wa ng'ombe, na midomo yake ikawahesabu.

Machi 18

Mazishi. Mchungaji alihubiri vizuri. Kisha Elieza akatoa shukrani kwa niaba ya kijiji, akasema marehemu ametoka katika kaya iliyojitahidi, kaya ya mfano. Sikuinua macho.

Tulipokuwa tumerudi, Yudith aliniita ndani. Alikuwa ameshika pakiti za dawa nilizomletea Januari. Vidonge vilikuwa vimebaki zaidi ya nusu.

"Nilimpa kimoja," alisema. "Siku zilipokuwa mbaya nilimpa nusu ya kimoja, tena siku moja moja. Nilitaka vifike mavuno, nisikusumbue tena. Nilijua miwani yako."

Nilihesabu vilivyobaki.

"Kama unga," alisema. "Nilivivusha kama unga."

Alitaka nivichukue nivirudishe dukani. Hawavipokei, lakini nimevichukua.

Machi 25

Sijaandika. Hakuna la kuandika.

Aprili 4

Elieza alikwenda kwa Yudith leo. Nilikuwapo, nimekaa naye kama tunavyokaa na mfiwa. Alianza kwa pole, akasogea polepole hadi alikokusudia.

"Dada yangu, sasa huna mchungaji. Nimeona nikupunguzie mzigo. Kesho nitamtuma mtu awachukue wale."

Yudith alikuwa akipembua kunde. "Wale nani?"

"Wale ng'ombe, dada."

"Ng'ombe wangu?"

Elieza alicheka kidogo, akanitazama mimi nicheke naye. "Dada, hapa sote ni wenyeji."

"Mwezi wa sita wageni wanakuja," alisema Yudith. "Yule binti alinitumia salamu, anasema watafika kwangu kwanza, wapige picha zizi. Wakikuta zizi halina kitu wataniuliza. Nitawajibu nini, mwenyekiti? Nifundishe."

Kunde zilikuwa zinadondoka kwenye ungo, moja moja.

"Basi wakae mpaka mwezi wa sita," alisema Elieza.

Alipoondoka nilimtazama Yudith kama ninayemwona mara ya kwanza. Miaka yote nilidhani kimya chake ni uvumilivu, nikausifia. Sina hakika tena ni nini.

Aprili 20

Tunaamia ndege. Kuanzia alfajiri ni kupiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo. Yudith anaamia peke yake, sauti yake inafika kwangu.

Mei 2

Ndege.

Mei 16

Tumevuna. Magunia machache. Redio imesema mjini kuna mkutano mkubwa wa kutathmini maendeleo, na hoteli zimejaa.

Mei 30

Yudith alikuja kwangu. Desturi yao ni kuondoa msiba baada ya mavuno: watu wanakusanyika, wanakula, mfiwa anaoga, anarudi katika dunia. Ameshapanga siku. Ni siku ya wageni.

"Kutakuwa na nyama," alisema. "Nitamtoa yule maksai mwekundu. Uje kuchinja."

Ndivyo inavyokuwa hapa tangu zamani za misafara. Wakristo na wasio na dini humwita Mwislamu achinje, ili kila mtu aweze kula. Nimechinja kwenye harusi na misiba yao kwa zaidi ya miaka arobaini.

Maksai mwekundu ndiye bora wa wale sita. Elieza amekataa mnadani bei ambazo wengine wangezipigia magoti.

"Mama Daudi," nilisema, "unajua dini yangu. Siwezi kuchinja mnyama wa kunyang'anya. Nyama yake ni haramu kwangu na kwa kisu changu. Lazima niulize ni wa nani."

"Uliza," alisema. "Ndiyo maana nimekuita wewe."

Juni 11

Jana walikuja. Magari matatu. Alikuja mkurugenzi kutoka nje, mzungu mrefu aliyejifunza "habari ya asubuhi" na kuitumia hata baada ya adhuhuri. Gladness alikuwa na viatu vyeusi safari hii. Amepandishwa cheo, kijiji chetu kimevuka lengo.

Walipoona watu wamejaa kwa Yudith walidhani wamekusanyikia wao. Gladness alinivuta pembeni akaniuliza shughuli ni nini, nikamwambia: anamwondolea mwanawe msiba.

"Mwanawe yupi?"

"Yule wa kifafa."

Alisema, "Sikuambiwa," akafungua begi lake akitafuta kitu, akalifunga bila kutoa kitu.

Maksai alitolewa zizini, akafungwa, akalazwa akiangalia kibla. Watu walifanya duara. Elieza alisimama mstari wa mbele kando ya mkurugenzi. Hakuwa ameambiwa. Nilimwona rangi ikimtoka alipomtambua mnyama, na nikaona watu wote wakimtazama yeye badala ya ng'ombe.

Nilishika kisu, nikasimama wima. Nikasema kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili, ili mtu asiseme hakusikia: "Kabla sijachinja nauliza, kama dini yangu inavyonitaka. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Yudith naye hakujibu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa tembe lake, amevaa ile fulana ya bluu ya mahafali juu ya kaniki ya msiba.

"Nauliza uongozi wa kijiji," nilisema. "Mwenyekiti."

Mkurugenzi aliinama kumuuliza Gladness kinachoendelea, Gladness akamnong'oneza, naye akainamisha kichwa kwa heshima, akainua simu yake kupiga picha ya desturi nzuri.

Elieza alifungua mdomo. Nilimfahamu vya kutosha kuona njia mbili zikipita usoni mwake: aseme ni wake, mbele ya mradi, na mama yake, na muhuri wake, na kaburi lile jipya lililo nyuma ya zizi, au aseme lile lingine.

"Ni wa Yudith," alisema.

"Hawakusikia kule nyuma," alisema Yudith kutoka mlangoni. Hakupaza sauti.

"Ni wa Yudith. Ng'ombe ni wa Yudith."

"Na wale watano?"

Elieza aligeukia zizi. "Wote ni wa Yudith."

"Haya," alisema mama Daudi. "Mwenyekiti, msaidie Mwalimu. Shika miguu ya nyuma, ana nguvu huyo."

Na Elieza akapiga magoti vumbini katika suti yake, akamshika maksai wake miguu. Nikataja jina la Mungu. Kisu kilikuwa kikali, na mikono yangu, nashukuru, bado haitetemeki. Damu ilimrukia kifuani. Hakuachia.

Walikula wote. Watatu wa lambo walikula. Ukoo wa Elieza ulikula. Yudith mwenyewe aligawa, hakumnyima mtu, na kila aliyempa sahani alimtazama mpaka yule akainamisha macho. Nundu alimpa Elieza, na akasimama mbele yake mpaka alipomeza tonge la kwanza. Mimi pia nilikula. Ilikuwa nyama nzuri.

Baadaye mkurugenzi aliniomba nimtafsirie swali. Alitaka kujua mama anajisikiaje, yeye kama yeye, kuwa ametoka katika umaskini. Gladness alimgusa mkono kumzuia, akachelewa.

Nilimuuliza Yudith, neno kwa neno, kama nilivyozoea.

Alifikiri. Alikuwa na upawa mkononi.

"Mwambie ale," alisema. "Inapoa."